Daktari Horton wa Jeshi

Mwaka 1855 Serikali ya Uingereza ilichagua vijana watatu wa Sierra Leone wakasomee udaktari wa jeshi, maana homa za Afrika Magharibi zilikuwa zikiwamaliza matabibu wa Kizungu. Mmoja wao, James Horton, mtoto wa seremala, alisoma London, akahitimu Edinburgh mwaka 1859 na kujiongezea jina la Africanus.

Kwa miaka 20 hivi alitibu askari na raia katika ngome za pwani. Askari aliyepata kulinda kituo cha mbali anaijua thamani ya tabibu wa namna hiyo. Lakini madaktari wa Kizungu walimpinga, na mpango wa kusomesha Waafrika ukasimamishwa. Mwaka 1861 aliomba chuo cha utabibu kijengwe kwao, akakataliwa. Alistaafu mwaka 1880, akafariki Freetown mwaka 1883. Chuo cha udaktari kilianzishwa huko mwaka 1988.