George Washington: Rais aliyeteswa na meno ya kiboko

Angalia noti ya dola moja ya Marekani. George Washington amebana midomo, uso umekaza. Nyuma ya midomo ile kulikuwa na meno ya bandia.

Washington alizaliwa Virginia mwaka 1732. Akiwa na miaka 24 tu, aling'olewa jino la kwanza, na kuanzia hapo hakupumzika. Jino linauma, fizi zinavimba, linang'olewa. Alipoapishwa kuwa rais wa kwanza jijini New York, Aprili 30, 1789, alikuwa amebakiwa na jino moja.

Wengi husema alivaa meno ya mbao. Si kweli. Daktari wake, John Greenwood, alimchongea seti kutoka meno ya kiboko, mnyama wa Afrika, akapachika na meno ya binadamu. Seti nyingine ilikuwa na risasi. Springi zilisukuma taya zifunguke, hivyo kufunga mdomo tu ilikuwa kazi.

Kumbe hata meno ya binadamu yalikuwa na soko. Mwaka 1784, daftari la hesabu zake lilionyesha shilingi 122 zimelipwa kwa watumwa Weusi kwa meno tisa. Majina yao hayakuandikwa.

Shida kubwa ilikuwa malighafi. Meno ya kiboko hunyonya mate na mvinyo, yanabadilika rangi na kunuka. Risasi ni nzito, inakandamiza fizi. Tena jino likitoka, mfupa wa taya husinyaa, kwa hiyo seti iliyokaa vizuri jana, kesho inacheza na kuchubua. Mwaka 1798 bado alikuwa akimlalamikia Greenwood kwamba meno yanamsukuma midomo nje. Alifariki Desemba 14, 1799, akiwa na miaka 67.

Nafuu ilichelewa sana. Mwaka 1965, Msweden Per-Ingvar Brånemark alimwekea mgonjwa vipandikizi vya titani, madini ambayo mfupa huyakubali na kushikana nayo. Siku hizi kuna pia vya zirkonia, vyeupe kama jino.

Ila hakuna malighafi inayojisafisha yenyewe. Uchafu ukiganda pembeni ya kipandikizi, fizi huvimba na mfupa huliwa taratibu. Kama umewekewa, piga mswaki hadi kwenye ukingo wa fizi, na ukiona damu usisubiri maumivu: muone daktari wa meno.