Abul Qasim Az-Zahrawi, Tabibu wa Andalus, na Elimu ya Masikio, Pua na Koo

Katika hospitali zetu kubwa ipo kliniki ya masikio, pua na koo. Wengi wenu mmewahi kupelekwa huko, ama kwa sikio linalotoka usaha, ama kwa mafindofindo, ama kwa sababu mdogo wenu alijitia harage puani. Baadhi ya wanafunzi huuliza kwa nini viungo hivi vitatu vimewekwa kwa daktari mmoja. Jibu lake ni kwamba vimeungana kwa ndani. Upo mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua hadi kwenye sikio la kati, ndiyo maana mafua ya mtoto huishia kwenye maumivu ya sikio. Na koo ni njia panda ya chakula na pumzi.

Katika ukurasa huu wa maisha ya wanavyuoni, tunamleta tabibu wa Kiislamu aliyeandika kwa urefu juu ya viungo hivyo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Jina lake ni Abul Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wazungu walimwita Albucasis.

Aliishi karne ya 10 Miladia katika Andalus, nchi ambayo leo ni Uhispania na Ureno. Nisba ya Az-Zahrawi yatokana na Madinat Az-Zahra, mji ambao Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu alianza kuujenga mwaka 936 (325 Hijria), kiasi cha kilomita 8 magharibi ya Qurtuba. Qurtuba ya wakati huo ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya Ulaya, yenye misikiti, mabafu ya umma na maktaba. Habari za utoto wake ni chache. Mwanachuoni mashuhuri Ibn Hazm, aliyekuwa kijana wakati Az-Zahrawi ni mzee, alisema kwamba alimwona kwa macho yake, na alikisifu kitabu chake.

Kitabu chenyewe kinaitwa At-Tasrif. Kina sehemu 30, na alikimaliza kwenye mwaka 1000 hivi, baada ya kutibu watu karibu miaka 50. Sehemu nyingi zinahusu dawa na namna ya kuzichanganya. Sehemu ya 30 ndiyo iliyomtangaza, kwani inahusu upasuaji peke yake: kuchoma kwa chuma cha moto, kisha kukata na kushona, kisha mifupa iliyovunjika. Ndani yake alichora picha za vyombo vya kazi vinavyokaribia 200, na kueleza kipi ni cha shaba, kipi cha fedha, na kila kimoja kinashikwaje.

Hapa tutoe tahadhari. Katika makala nyingi zinazosambaa, Az-Zahrawi anasifiwa kuwa wa kwanza katika kila jambo. Hivyo sivyo, na yeye mwenyewe hakudai hivyo. Mengi aliyachukua kwa matabibu wa kale, hasa Paulo wa Aegina, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 7, na katika kitabu aliwataja watu wa kale waliomtangulia. Kuchoma kwa chuma cha moto, alikokutumia kwa maradhi mengi, hospitali za leo zimekuacha isipokuwa kwa kazi chache na kwa vyombo vya aina nyingine. Kwa maoni yetu ubora wake uko mahali pengine: alijua wapi mkono wa tabibu uende na wapi usimame.

Mwanzoni mwa sehemu ile ya 30 alilalamika kwamba upasuaji katika nchi yake ulikuwa umekaribia kutoweka, kwa sababu watu waliufanya bila ya kusoma maumbile ya mwili. Akatoa mifano aliyoishuhudia. Mmoja ni wa tabibu mjinga aliyempasua mwanamke mwenye uvimbe shingoni. Kisu kikagusa mishipa ya damu ya shingo, na yule mwanamke akatokwa na damu hadi akafia mikononi mwake. Baada ya mifano hiyo Az-Zahrawi akagawa kazi za upasuaji mafungu mawili: zile ambazo salama ndani yake ni kubwa, na zile ambazo hatari ndiyo kubwa. Akawaonya wanafunzi wake, ambao aliwaita wanawe, wajiepushe na fungu la pili.

Tuanze na sikio, kwani hapo ndipo watoto wanapopata mikasa zaidi. Alivigawa vitu vinavyoingia sikioni kwa aina: vya mfano wa jiwe, chuma au kioo, mbegu kama dengu na maharage, maji, na wadudu. Kila aina ina njia yake. Kwa kijiwe, mgonjwa aliwekwa sikio likielekea jua ili tabibu aone. Kisha alitiliwa matone ya mafuta, kama ya ufuta, na kupigishwa chafya huku pua imebanwa. Kikikataa, ilitumika koleo ndogo. Ikishindikana, mrija wa shaba uliozibwa pembeni kwa nta isipite hewa, na tabibu akafyonza. Kisu kilikuja mwisho kabisa. Na kwa mbegu alikuwa na habari nyingine: mbegu hunyonya unyevu ikavimba na kubana, hivyo aliikatakata ndani kwa chombo chembamba na kuitoa vipande vipande.

Daktari wa leo anayo taa badala ya jua na mashine ya kufyonza badala ya mdomo, lakini habari ya mbegu kuvimba bado anaizingatia, wala hapigi maji sikio lenye harage. Mama asiyejua hilo humimina maji, na harage likazidi kunasa. Kijiti cha kiberiti na kipini cha nywele ndivyo vibaya zaidi, kwani husukuma kitu ndani na huweza kutoboa ngoma ya sikio. Mtoto apelekwe hospitali. Na kikiwa ni kibetri kidogo cha saa, apelekwe saa hiyo hiyo, kwani betri huunguza nyama kwa muda mfupi sana.

Puani aliandika juu ya vinyama vinavyoota na kuziba pumzi. Alivivuta kwa kulabu na kuvikata, mgonjwa akiwa amekaa kuelekea jua. Lakini kinyama kigumu chenye rangi ya weusi na kisicho na hisia nyingi, alikataza kisiguswe kwa chuma, kwani aliona ni saratani.

Kwa mafindofindo makubwa, mgonjwa aliketishwa juani, kichwa chake kikilazwa mapajani mwa tabibu. Ulimi ulikandamizwa kwa kibapa cha fedha au shaba, findo likavutwa kwa kulabu na kukatwa kwa chombo mfano wa mkasi uliopinda. Damu ikizidi, mgonjwa alisukutua maji yaliyochemshwa kwa maganda ya komamanga. Ikumbukwe haya yote yalifanyika bila ya dawa ya usingizi tunayoijua leo. Kile kibapa mnakifahamu: ndicho kizazi cha kijiti ambacho daktari hukuwekea juu ya ulimi akikwambia useme aaa.

Sasa tufike kwenye kimio, ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma ya kinywa, ambayo wengine huiita kidakatonge. Jambo hili linatugusa hapa kwetu Afrika Mashariki, kwani bado wapo wanaompeleka mtoto mwenye kikohozi kwa mkata kimio. Az-Zahrawi alikikata kimio, hatulifichi hilo. Lakini tazameni masharti yake. Kikiwa chekundu kwa damu au cheusi kimevimba, alikataza kisikatwe, na akasema ni hatari kwa mgonjwa. Kikiwa cheupe, chembamba na kirefu kupita kawaida, hukatwa ile ziada tu, kwani kuzidisha huharibu sauti na matamshi. Hiyo ni tahadhari ya mtu aliyeishi kabla ya hadubini, ambaye hakujua lolote juu ya vijidudu.

Madaktari wa leo wanakwenda mbali zaidi. Kimio si chanzo cha kikohozi cha mtoto. Kikohozi hutoka kwenye mafua, kwenye nimonia, kifua kikuu au pumu, na siku zinazopotea kwa mkata kimio ndizo siku ambazo mtoto alihitaji dawa. Watoto wametokwa na damu hadi kufa kwa mkato huo, wengine wamepata pepopunda kwa wembe mchafu, na wembe unaopita kwa watoto wengi waweza kupitisha virusi vya UKIMWI. Wazazi mnaosoma gazeti hili, ikiwa hata tabibu wa miaka elfu iliyopita alisita mbele ya kimio chekundu, mkata kimio wa leo ana hoja gani?

Imebaki habari ya pumzi. Matabibu wa kale walieleza kwamba mtu akizibwa koo kwa uvimbe, na kifua chake kizima, yaweza kupasuliwa njia ya pumzi shingoni apate kuvuta hewa. Az-Zahrawi aliandika kwamba katika nchi yake hakuona mtu aliyelifanya. Kisha akasimulia aliloliona mwenyewe. Aliitwa kwa kijakazi aliyejeruhiwa koo kwa kisu. Alimkuta anakoroma, damu iliyotoka ni kidogo, mishipa mikubwa haikuguswa, na hewa inatoka kwenye jeraha. Akalishona upesi na kumtibu, na yule kijakazi akapona akabaki na mkwaruzo wa sauti tu. Kutokana na hapo Az-Zahrawi akahukumu kuwa kupasua njia ya pumzi si jambo la kuogofya kama walivyodhani, akaeleza mahali pa kukata: chini ya pete ya tatu au ya nne ya koromeo, baina ya pete mbili, si juu ya pete yenyewe. Leo madaktari wa koo hupasua karibu na mahali hapo hapo na kuweka mrija wa kupumulia.

Na wale waliokwamwa na mwiba wa samaki? Uliokuwa ukionekana aliutoa kwa koleo. Usioonekana, alimmezesha mgonjwa kipande cha sifongo kikavu kilichofungwa uzi, kisha akakivuta. Msilijaribu hilo nyumbani, wala msimeze tonge kavu la ugali kama tulivyozoea, kwani tonge huweza kuuzamisha mwiba zaidi.

Mwisho wa umri wake ulikuwa wa fitina. Ukhalifa wa Qurtuba uliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kwenye mwaka 1010 Madinat Az-Zahra ikaporwa na kubomolewa. Az-Zahrawi alifariki baada ya mwaka 400 Hijria. Wengi hutaja 404, yaani 1013.

Kitabu chake kilisafiri. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikifasiri sehemu ya upasuaji kwa Kilatini mjini Toledo. Mwaka 1465 tabibu wa Kituruki Şerefeddin Sabuncuoğlu alikitegemea kuandika kitabu chake cha upasuaji. Mwaka 1497 kilipigwa chapa Venice. Mwaka 1778 kikachapishwa Oxford, Kiarabu na Kilatini pamoja, na ndani yake zimo zile picha za kulabu, koleo na kibapa cha ulimi.