Louis Leakey na kichwa kidogo cha Olorgesailie

Kama si raga, huenda Louis Leakey hangeingia kwenye kazi ya kuchimba mifupa. Alizaliwa Kabete mwaka wa 1903, mtoto wa wamishonari, akakua akiongea Kikuyu kama wenyeji. Mwaka wa 1923, akiwa mwanafunzi Cambridge, alipigwa teke la kichwa uwanjani. Maumivu yakakataa kuisha, ikabidi aache masomo kwa muda. Badala ya kukaa bure, 1924 aliandamana na wachimbaji wa mifupa ya dainosari hadi Tendaguru, karibu na Lindi, Tanganyika. Huko ndiko alikojifunza kuchimba.

Sasa, chukua mbuzi wa soko la Kitengela na panzi. Wote wawili upande wa kulia unafanana na wa kushoto, na mishipa yao ya fahamu imepangwa vilevile: ubongo uko mbele, penye macho na mdomo, kule mnyama anakoelekea, kisha kamba ya mishipa inashuka mwilini. Ya mbuzi hupita mgongoni, ya panzi tumboni. Sisi tuko na mbuzi.

Leakey alitaka kujua hivi: ubongo huo uwe mkubwa kiasi gani ndipo mwenyewe aitwe mtu? Arthur Keith wa Uingereza alikuwa ameweka mpaka wa mililita 750, yaani chupa moja na nusu ya maji ya nusu lita. Mwaka wa 1964 Leakey, Tobias na Napier wakaushusha hadi 600 ili kiumbe wa Olduvai, Homo habilis, aingie. Wengi waliwapinga vikali. Leakey naye alikuwa mwepesi wa kutangaza mambo, hilo tuseme ukweli.

Huku Kajiado, yeye na mkewe Mary walikuwa wameanza kuchimba Olorgesailie, barabara ya Magadi, tangu 1942. Walipata mashoka ya mawe kwa maelfu. Lakini waliyoyachonga? Hata mfupa mmoja hawakuuona. Leakey alifariki London Oktoba 1972.

Vipande vya fuvu vilipatikana 2003, vya miaka kama 900,000 iliyopita. Kichwa chenyewe kidogo ajabu: ubongo wake haukufika mililita 800, ilhali wetu ni kama 1,350.