Kinyala Lauwo: Fundi wa Kilimanjaro aliyesajiliwa barazani

Na Mwandishi Wetu

SHABIKI wa Marambo, Nachingwea, au wa kule Ruangwa aliyezoea kuifuata Namungo ugenini, safari ndefu haimtishi. Ila akijichanga aende kupanda Mlima Kilimanjaro ligi ikisimama, swali lake la kwanza huwa moja tu: kampuni gani ina bei poa? Swali hilo siyo baya, ila limekaa upande upande. Kabla hujatuma hela, mjue kwanza Yohani Kinyala Lauwo.

Lauwo alikuwa Mchaga wa Marangu. Simulizi zinasema mwaka 1889 alikuwa kijana wa miaka kama 18, kakwepa kazi ya lazima ya kutengeneza barabara, kadakwa, kapelekwa kwenye baraza la Mangi Marealle kujibu kosa. Bahati ikaangukia hapohapo. Mjerumani Hans Meyer alikuwa kafika kwa Mangi kuomba ruhusa ya kupita na mtu wa kumwonyesha njia. Wazee wa baraza wakamtupia jicho yule mtuhumiwa. Msitu anaujua, kauzoea kwa kuwinda na kutafuta asali, na miguu anayo. Kesi ikageuka usajili.

Angalia hapo nani alimchagua. Siyo mgeni mwenye hela. Ni watu wa palepale waliomfahamu kijana na kazi yake.

Meyer naye hakuwa mtu wa kubahatisha tena. Mwaka 1887 alipanda akagota kwenye barafu, vifaa hana. Mwaka 1888 hata mlimani hakufika, alitekwa wakati wa vita ya Abushiri na kuachiwa kwa kulipa fidia. Safari ya tatu akaja kamili. Alimleta Ludwig Purtscheller, Mwaustria fundi wa kupanda milima, akapanga kambi kadhaa njiani, na wapagazi wakawa wanashuka Marangu na kupanda na chakula. Oktoba 3 wazungu hao wawili walifika ukingo wa kreta, wakachoka kwa kukata ngazi kwenye barafu, wakarudi kambini. Oktoba 6 wakarudi tena na kufika juu kabisa, pale tunapopaita Uhuru leo, mita 5,895. Bila chakula cha kuwasubiri kambini, ile mechi ya marudiano isingechezwa.

Lauwo alifika nao kileleni? Hapa mjadala ni mkali kama goli la utata lisilo na VAR. Wapo wanaosema alifika. Kitabu cha Meyer kinasema kileleni walikuwa wawili tu, na kinamtaja Mwini Amani wa Pangani kuwa ndiye aliyebaki nao kambi ya juu. Mimi sioni haja ya kugombana. Bendera ya Meyer isingefika hata kwenye barafu bila watu waliobeba mizigo na kuonyesha njia, na wengi wao majina yao hayaimbwi na mtu.

Ndiyo maana nasema swali la bei limekaa upande upande. Sheria ya hifadhi hairuhusu kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, na lazima upitie kampuni iliyosajiliwa. Sasa ukifika ofisini Moshi, usiishie kutazama picha za ukutani. Uliza jina la mtu atakayetembea na wewe. Omba kuongea naye kabla hujalipa. Kapanda mara ngapi kwa njia unayoitaka? Mtu akianza kutapika na kuona kizunguzungu usiku wa kwenda kileleni, anamfanyaje? Akijibu kwamba utakaza tu mpaka ufike, mwanangu, ondoka. Mwongozaji wa kweli ni yule mwenye ubavu wa kukwambia geuka, tunashuka, hata kama umetoka Lindi yote kwa basi.

Halafu siku. Njia ya Marangu huuzwa kwa siku tano au sita. Ile ya sita ni ya kupumzika Horombo mwili uzoee hewa nyepesi, na wengi huikata ili kubana matumizi. Meyer mwenyewe alihitaji kurudi kambini kwanza.

Na wale wagumu, yaani wapagazi? Mzigo wao una ukomo, kilo 20, na hupimwa getini. Bei ikiwa ya chini mno kuliko ya wengine, jiulize imepunguzwa wapi, maana ada ya hifadhi haipunguzwi. Mara nyingi imepunguzwa kwenye posho na sahani ya mgumu. Pale Moshi upo mradi wa kutetea wapagazi, unazo kampuni shirikishi zinazofuatiliwa namna zinavyowalipa. Pita uulize, ni bure.

Lauwo aliendelea na kazi hiyohiyo. Inaelezwa aliongoza watu mlimani kwa zaidi ya miaka 70, tangu enzi za Wajerumani, Waingereza wakaja wakaondoka, mpaka Mwenge ukawashwa juu kule Desemba 9, 1961. Mwaka 1989, miaka 100 ya safari ya Meyer ilipoadhimishwa, ndipo mzee akakumbukwa rasmi na kupewa nyumba Marangu. Alifariki mwaka 1996. Umri wake nao una ubishi wake, wapo wanaohesabu zaidi ya miaka 120. Jina lake limeandikwa kwenye kibao pale lango la Marangu, utalikuta kabla hujaanza kupanda.