Annette Adams: kutoka mwendesha mashtaka hadi jaji wa California

Mwaka wa 1918, wanawake wengi wa Marekani walikuwa hawajapata haki ya kumchagua rais. Lakini mwaka huohuo mwanamke mmoja alipewa kazi ya kushtaki watu kwa jina la serikali kuu ya inchi hiyo. Ni Annette Abbott Adams, aliyefanywa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali kuu huko California ya kaskazini. Hakuna mwanamke aliyeshika kiti hicho mbele yake.

Alizaliwa mwaka wa 1877 huko Prattville, milimani. Alikuwa mwalimu, akaongoza shule ya sekondari, kisha akarudia masomo. Alipomaliza sheria mwaka wa 1912 alikuwa na miaka 35. Mwaka wa 1914 aliingia ofisi ya mashtaka ya San Francisco kama msaidizi, na vita vya Ulaya vikaleta kesi nzito, kama ile ya Franz Bopp, konsuli mkuu wa Ujerumani, aliyehukumiwa mwaka wa 1917.

Mwaka wa 1920 alihamia wizara ya sheria Washington, akafuatilia kesi za pombe iliyokatazwa. Aliondoka mwaka uliofuata.

Kiti cha jaji kilichelewa sana: miaka 21! Mwaka wa 1942, gavana Culbert Olson alimweka aongoze korti ya rufaa ya jimbo, Sacramento. Hii ni korti ya jimbo, na huko wapiga kura wana neno lao juu ya majaji. Walimkubali mwaka huohuo, kwa muda wa miaka 12. Ugonjwa ulimwondoa mwaka wa 1952. Alifariki mwaka wa 1956.