Louis Leakey na Taya Lisilo na Isnadi



Kutoka kwetu Nyanza-Lac, ukifuata ufuo wa Tanganyika kwenda kusini, unavuka mpaka, na kabla ya Kigoma unafika Gombe. Huko Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe mwaka 1960. Aliyempeleka ni Louis Leakey, mtafiti wa visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe. Namwandika kwa sababu maisha yake yanatugusa sisi tunaosoma elimu ya Hadithi.

Leakey alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903, mtoto wa wamisionari Waingereza, akakua akisema Kikikuyu. Alisoma Cambridge, kisha akarudi kutafuta chanzo cha binadamu Afrika, wakati wataalamu wengi walikitafuta Asia.

Mwaka 1932 mfanyakazi wake, Juma Gitau, alipata kipande cha taya huko Kanam, karibu na Ziwa Victoria. Leakey akatangaza kuwa ni la mtu wa kale mno. Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell alikuja kuhakiki. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe: vyuma vya alama vilikuwa vimeng'olewa, na picha aliyoitegemea ilikuwa ya mahali pengine. Boswell akayaandika hayo katika jarida la Nature, na heshima ya Leakey ikaporomoka. Taya lilikuwepo, lakini lilikuwa kama matini isiyo na isnadi.

Hakukata tamaa. Julai 1959 mkewe, Mary, aliona fuvu Olduvai, Tanganyika. Safari hii walimngoja mpiga picha afike ndipo wakalifukua. Leakey aliliita Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa zamani waliiita pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1961 vipimo vya miamba vilionyesha umri wa miaka milioni 1.75. Alizunguka Marekani akihutubia umma na kutafuta fedha za utafiti, hadi alipofariki London mwaka 1972.

Kuhusu kuumbwa kwa Adam (a.s.) tuna imani yetu, na sitaki tuiache. Lakini Suratul-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakiki habari. Basi ujumbe ukiingia kwenye simu yako ukidai kuwa ni Hadithi ya Mtume (s.a.w.), uliza kwanza: nani kaipokea, na imo kitabu gani? Usipopata jibu, usiutume kwa mwingine.