Chemirocha: Staa wa Mississippi aliyegeuzwa nusu swara kule Kapkatet

Kama umekulia Mogogosiek ama pande zozote za majani chai, Bomet na Kericho, muulize kogo wako kama anamjua Chemirocha. Huyo ni Jimmie Rodgers, mzungu wa Marekani, na maisha yake pekee ni muvi tosha.

Alizaliwa 1897, Mississippi. Mathe yake alikufa yeye akiwa bado mtoi, akalelewa mara kwa huyu mara kwa yule. Buda alikuwa mtu wa reli, na Jimmie akaingia hustle hiyo hiyo mapema, kazi yake ikiwa kushika breki za treni. 1923 bintiye mchanga, June, akafariki. Mwaka uliofuata akapatikana na TB. Kazi ya reli ikamshinda, akabaki na gitaa.

1927 alirekodi ngoma zake za kwanza huko Bristol, Tennessee. Haikuchukua muda, santuri zake zikawa zinauzwa kama njugu.

1929 akatokea kwenye filamu fupi, The Singing Brakeman. Stori ni rahisi tu: msee wa reli anaingia mkahawa wa stesheni, anaombwa aimbe. Anaimba kuhusu jamaa aliyesota anayengoja treni, kisha kuhusu kummiss babake na nyumbani. Ukijua alikotoka, unaona kabisa hapo haigizi.

TB nayo haikumwachilia. Mei 1933 alienda New York kurekodi ili familia isibaki bila doo. Akimaliza ngoma moja analala kitandani mle mle studioni, akipata pumzi anaamka kuimba nyingine. Tarehe 26 akazima. Alikuwa na miaka 35 tu.

Lakini gramafoni zilifikisha sauti yake hadi kwa Wakipsigis. Jina likageuka Chemirocha, na kwa vile walikuwa na sauti tu, sura wakajichorea wenyewe: nusu mtu, nusu swara. 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine zake, akamrekodi Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wakimwimbia, chepkong ikilia.

Jimmie hakuwahi kukanyaga Kenya. Ila yule chali aliyezoea kuimba akitamani nyumbani alikuwa ameshapewa jina la kwetu, miaka 17 baada ya kuzikwa. Ukienda ocha wikendi hii, mchezee kogo hiyo ngoma kwa simu, halafu umwachie yeye stori.